Mshipa wa Mahoma

Bi Damari alikata roho alfajiri, na hadi jua linachomoza hakuna mtu Chigombe aliyejua nani atamchimbia kaburi.

Si kwamba kijiji kilikosa wenye nguvu. Vijana walijaa pale uwanjani, wameshiba uwele, kila mmoja na panga kiunoni tangu uadui ulipoanza. Lakini tangu Chigombe iitwe Chigombe, mfiwa hashiki jembe la kaburi. Kazi hiyo ni ya mtani. Na watani wa Chigombe ni watu wa Mahoma, ng'ambo ya korongo, walewale ambao Chigombe ilikuwa imewafungia maji.

"Tutachimba wenyewe," alisema Chiwanga, mwenyekiti wa kijiji, mtu mnene mwenye sauti iliyozoea kusikilizwa. "Mila hizi zilitungwa na watu waliokuwa na mvua."

"Chimba wewe, tuone!" Mjomba Mdachi alifoka. Yeye alikuwa kaka wa marehemu, na macho yalikuwa yamemvimba kwa kulia. "Nani amewahi kusikia mwenye msiba anachimba kaburi? Dada yangu hafukiwi kama mbwa aliyegongwa barabarani."

Ndani ya nyumba, Sechelela alikuwa ameketi mkekani kando ya mwili wa mama yake, anasikia kila neno. Alikuwa binti pekee wa marehemu, tena ndiye mshika kizibo wa kijiji. Maana yake ni kwamba maji ya Mahoma yalifungwa kwa mkono wake. Jioni ile aliporudi kutoka korongoni kufunga, alimkuta mama yake anapepeta uwele. Bi Damari hakumgombeza. Alisema tu, "Haya, umewafungia. Sasa na mimi nitachimbiwa na nani?" Sechelela alicheka, akadhani ni maneno ya uzee. Leo hakuona cha kuchekesha.

Mwenyekiti aliinama mlangoni. "Pole sana, mwanangu. Kazi ya Mungu haina makosa." Akainamisha kichwa, kwa heshima. Kisha akashindwa kujizuia. "Sindano inasemaje leo?"

Jamani! Maiti haijapoa, mtu anauliza sindano. Sechelela alimtazama kwa chuki asiyoificha, lakini akajibu, kwa sababu na yeye alikuwa na shamba na watoto wawili.

"Inapanda," alisema.

Sindano hiyo ilikuwa imechomekwa kwenye shina la mchota mkubwa kuliko yote, kupima nguvu ya maji yanayopanda mtini. Mchota ulikuwa mti wa maabara. Wataalamu waliuleta zamani, Sechelela akiwa bado anabebwa mgongoni, wakati udongo wa pale ulikuwa umeshageuka unga na visima vya mashine vinatema upepo. Mzizi wake ulitoboa hadi kwenye maji ya chini kabisa, ukayavuta, ukayamwaga kwenye udongo kuzunguka shina, na watu wakapanda uwele na kunde humo humo kwenye unyevu. Kwa miaka mingi hakuna mtoto aliyelala njaa, si Chigombe, si Mahoma.

Tatizo ni kwamba michota yote ilitoka kwenye mbegu moja. Mizizi yake ikikutana chini ilishikana, ikawa kitu kimoja, na maji yakaenda kwenye kiu. Mti haujui mpaka wa kijiji. Mwenye ardhi kavu zaidi ndiye aliyevuta zaidi, na Mahoma walikaa juu ya mwamba mtupu. Michota yao yote ilinyonya kupitia mshipa mmoja, mnene kama paja la mtu, uliopita chini ya korongo.

Maji ya chini yalipoanza kupungua, uwele wa Chigombe ukaota njano. Mahoma wakaambiwa wapunguze mashamba. Wakapunguza? Thubutu! Waliongeza, tena wakapanda matikiti. Matikiti, kwenye ukame! Mkutano wa kijiji ukapiga kura, Sechelela akafunga kizibo. Haikupita wiki ghala la Chigombe likachomwa moto. Kijana wa Mahoma alikamatwa na kibiriti mkononi, na vijana wa Chigombe wakampiga mpaka akapofuka jicho moja. Tangu siku hiyo hakuna aliyevuka korongo.

Mpaka asubuhi hii.

"Mtu huyo!" sauti ilipigwa nje. "Mtu anapanda!"

Alikuwa peke yake, mrefu, mkavu, jembe begani, anatembea katikati ya njia kana kwamba ni ya baba yake. Vijana walinyanyuka. Yeye akaanza kupiga kelele angali mbali.

"Nasikia kizee chenu kimekufa! Si nilisema? Uwele wa wachoyo una sumu! Na bado, mtakwisha mmoja mmoja, mimi nitachimba mpaka nitajirike!"

Bibi mmoja aliyekuwa analia kwenye kivuli chembamba cha ukuta alishikwa na kicheko, akajiziba mdomo kwa khanga. Mtani amefika msibani, na mtani husema atakalo. Lakini wengi hawakucheka, kwa sababu walimtambua. Alikuwa Mwegoha, mtu mwenye mdomo mchafu kuliko choo cha mnadani, na yule kijana wa kibiriti alikuwa mwanawe wa kumzaa.

"Rudi ulikotoka," alisema mwenyekiti.

"Nirudi? Halafu nani azike? Wewe? Ukiingia kaburini na tumbo hilo, marehemu atakaa wapi?"

Hapo hata vijana wawili watatu walicheka, wakakunja nyuso haraka. Mjomba Mdachi alipita mbele, akamshika mkono mgeni. "Mtani amekuja. Atakayemgusa atanigusa mimi kwanza." Akampeleka hadi kando ya shamba, kwenye mteremko unaotazama korongo, akamwonyesha mahali.

Mwegoha akachimba. Alichimba peke yake, na mdomo haukutulia. "Damari, ulininyima binti yako nilipokuwa na meno yote. Sasa ona, nakuchimbia bure, mkwe asiye na mke." Udongo wa juu ulikuwa laini kwa unyevu wa michota, wa chini ukawa mgumu. Jua likapanda. Maneno yakapungua, pumzi zikaongezeka.

Desturi inasema mchimba kaburi hupelekewa togwa kabla jasho halijakauka. Wanawake walitazamana. Mwenyekiti aliwatazama wao. Hakuna aliyenyanyua kibuyu. Sechelela aliona yote kutoka mlangoni, na yeye pia hakunyanyuka. Alijiambia kwamba mfiwa haachi maiti. Moyoni alijua anamkumbuka mwana wa Mwegoha na kibiriti chake.

Kaburi lilipomfika kifuani, jembe lilikata kitu. Ulikuwa mzizi wa mchota, mwembamba, umechomoza kwenye ukuta wa kaburi. Ulianza kudondosha maji, tone baada ya tone, safi kabisa. Vijana waliosimama juu wakajisogeza kutazama kama atainamisha mdomo. Mwegoha aliuangalia ule mzizi. Akalamba midomo yake iliyopasuka, akasogea upande wa pili, akaendelea kuchimba.

Mwili uliletwa adhuhuri. Na hapo, kama ilivyotarajiwa, mtani alijilaza chini kabisa ya kaburi, akakunja mikono kifuani, akafumba macho.

"Hatoki mtu!" alitangaza kutoka shimoni. "Nimechoka, nimepata kitanda."

Hili lilijulikana. Mtani hulala kaburini, wafiwa humbembeleza, hupewa chochote, watu hucheka, machozi hupumzika kidogo, kisha mazishi huendelea. Wala hairuhusiwi kumkasirikia. Mjomba Mdachi alikuwa ameshajiandaa na jogoo kwapani.

"Haya mtani, jogoo wako huyu. Toka."

"Sitaki jogoo."

"Mbuzi, basi."

"Sitaki mbuzi."

"Mtani, unataka nini? Jua kali, mwili unaharibika."

Mwegoha akafumbua macho. "Nataka mshipa. Fungueni kizibo, nitoke, mzike."

Tone la mzizi lilisikika likianguka kwenye udongo.

"Huo si utani," alisema mwenyekiti.

"Umesema kweli, si utani. Mke wangu jana alichemsha ngozi ya kigoda, tukaitafuna. Jirani yetu aliyezaa juzi hana maziwa. Sasa mimi nimelala hapa. Kama mnataka kumlaza Damari juu yangu, mlazeni."

Sechelela alitoka katikati ya wanawake, akaja hadi ukingoni. Hasira ilimpanda mpaka mikono ikawasha. Mama yake yuko juu ya machela, amefunikwa shuka, na mtu huyu amemfanya dhamana!

"Mwanao alichoma chakula chetu," alimwambia.

"Alichoma. Ningekuwa na mbio zake ningechoma mwenyewe."

"Uwele wetu unatoa masuke. Sindano haidanganyi, mtani. Maji yaliyobaki yanatosha kijiji kimoja. Nikifungua, huenda tukakosa wote."

"Huenda," alisema Mwegoha. "Sisi hata hiyo huenda hatuna."

Sechelela alitazama wenzake, akaona nyuso alizozijua tangu utotoni, na hakuna iliyokuwa na huruma. Wala hakuwalaumu. Mwenye mtoto anayekula leo hataki kusikia habari ya mtoto wa ng'ambo.

"Tumemsikia," alisema mwenyekiti. "Amekuja kututeka na maiti yetu. Vijana, fukieni. Udongo ukimfika puani atatoka mwenyewe."

Sepetu la kwanza la udongo lilimwangukia Mwegoha miguuni. La pili kifuani. Alijifuta mdomo, akageuza kichwa kuelekea machela.

"Damari, jipambe basi! Leo unalala na mwanamume!"

Hakuna aliyecheka. Mjomba Mdachi alirukia sepetu la tatu, akasukumwa, akaanguka kifudifudi, na jogoo akamponyoka akikimbia makelele kuelekea mashambani. Vijana walikuwa wanafukia kwa pupa sasa, hawatazamani usoni. Udongo ulimfunika mapaja, tumbo, mikono. Mwegoha hakusogea. Hakutania tena.

Sechelela alinyakua kibuyu cha maji mkononi mwa bibi mmoja, akapiga magoti ukingoni.

"Kunywa kwanza!" alimpigia kelele. "Kunywa, mtani!"

"Sikuja kunywa peke yangu."

Ndipo Sechelela alipoutazama vizuri ule mzizi. Ulikuwa unadondosha shubiri moja kutoka shavuni kwake. Tangu asubuhi mtu huyu alikuwa na maji karibu na mdomo, na midomo yake ilikuwa inavuja damu kwa kukauka.

"Wekeni sepetu chini!" Sechelela alisimama. "Nasema wekeni! Atakayetupa udongo tena, kesho akakifungue na kukifunga kizibo kwa kiganja chake mwenyewe, tuone kama kitamtambua!"

Mikono ikasita. Yeye akashika njia ya korongoni bila kuangalia nyuma.

Kizibo kilikuwa pete ya chuma iliyoukumbatia mshipa, nusu yake imezama mchangani. Kazi yake ilikuwa kuudanganya mti. Kikifungwa, kiliupelekea mshipa habari kwamba ng'ambo kuna mafuriko, na mti, kwa kuogopa kuzama, ukaziba njia zake zote upande ule. Hakikusikia amri ya mtu mwingine isipokuwa kiganja cha Sechelela. Tena waliokitengeneza walikuwa wajanja. Kilisoma mapigo ya moyo, ili mshika kizibo asije akawekewa panga shingoni. Mkono wa mtu aliyeshurutishwa kiliukataa.

Aliweka kiganja. Taa nyekundu. Akafuta jasho kwenye khanga, akaweka tena. Nyekundu.

"Unaona?" Mwenyekiti alikuwa amemfuata, anahema. Sasa alisema kwa upole, na upole huo ulikuwa mbaya kuliko ukali wake. "Hata chuma kinajua umelazimishwa. Rudi, mwanangu. Hakuna atakayekulaumu. Tutamtoa yule kichaa kwa kamba, tutamzika mama yako kwa heshima."

"Niache."

"Wanao watakula nini mwezi ujao? Niambie hilo tu. Utawapikia huruma?"

Swali lilimwingia, kwa sababu lilikuwa swali lake mwenyewe. Akilini alimwona mwanawe mdogo, yule mwenye mashavu, anayelala na kipande cha mkate wa uwele mkononi. Aliona masuke yakikauka kabla ya kujaza punje. Hakuna mtu aliyemwahidi kwamba mambo yatakuwa mazuri. Sindano ilikuwa inasema kweli, na mwenyekiti pia alikuwa anasema kweli, na hilo ndilo lililomuuma.

Lakini alikumbuka siku ya kufunga. Siku ile taa iliwaka kijani papo hapo. Moyo wake ulikuwa umetulia tuli wakati anawanyima watu maji, ametoka kula, anawaza kibarua cha kesho. Leo anataka kuwarudishia, moyo unadunda mpaka chuma kinamkataa. Aliona aibu, aibu ya kuchoma masikio.

Akaketi mchangani, kiganja bado kimekaa kwenye chuma, na kwa mara ya kwanza tangu alfajiri akamlilia mama yake. Hakulia kilio cha msibani cha kusikiwa na watu. Alilia kama mtoto, pua inatiririka, anamwita. Mama, umeniacha na haya. Mama, ulinicheka au nilikucheka mimi? Alilia mpaka hasira ikamwishia mwilini, na hofu nayo, akabaki na kwikwi tu.

Hakuiona taa ilipobadilika. Alisikia mshipa chini ya mkono wake ukitetemeka, kisha ukaanza kupoa, kwa sababu maji yalikuwa yanapita.

Mwenyekiti alitema mate mchangani. "Basi mzike mwenyewe," alisema.

Sechelela aliporudi kaburini watu walikuwa wamesimama vilevile. Mwegoha alikuwa amefunikwa hadi shingoni, ametoa kichwa tu, na macho yake hayakuwa kwa Sechelela. Alikuwa anautazama ule mzizi uliokatwa.

"Nimefungua," alisema Sechelela.

"Maneno hayo. Tusubiri."

Wote wakautazama mzizi. Tone likaanguka. Tone lingine, dogo kidogo. La tatu lilining'inia kwa muda mrefu, likavimba, watu wakashika pumzi, likaanguka. Baada ya hapo ncha ya mzizi ikabaki na unyevu tu, kisha ikakauka. Maji ya Chigombe yalikuwa yamekwenda ng'ambo, na kila mtu aliyekuwa pale aliyaona yakiondoka.

Mwanamke mmoja akapiga yowe, na si kwa ajili ya Bi Damari.

Mwegoha akajitikisa, akafukua mikono yake, akatoka kaburini akikohoa mavumbi. Vijana walimpisha. Walitupa masepetu chini, wakaondoka mmoja mmoja, na baada yao wakaondoka baba zao, kisha mama zao wakikusanya mikeka. Waliopita karibu na Sechelela waligeuza uso. Rafiki yake, waliyejifungua mwezi mmoja, alimwambia, wala hakupaza sauti, "Mwanangu akifa njaa, nitamleta umzike wewe."

Wakabaki Mjomba Mdachi, mabibi wachache wenye magoti mabovu, na adui. Hao ndio walioshusha mwili. Sechelela alishika ncha ya shuka upande wa kichwa, Mwegoha upande wa miguu. Mfiwa hashiki udongo isipokuwa konzi moja ya kuaga, lakini siku hiyo Sechelela alishika sepetu, akafukia hadi mwisho, kwa sababu watu hawakutosha.

Kazi ilipokwisha, Sechelela alimpa Mwegoha kibuyu. Sasa alipokea. Alikunywa mpaka kikaisha, koo linapanda na kushuka, maji yanamchuruzika kifuani na kufanya michirizi kwenye vumbi. Kutoka kijijini ukaja mlio wa jiwe kwenye bati. Likafuata lingine. Wote wawili walijua ni bati la nyumba ya nani, na Sechelela akamwambia Mjomba akimbie akawatoe watoto.

Mwegoha aliweka jembe lake begani. Alimtazama mtani wake bila huruma nyingi.

"Sasa hapa hakuna atakayekuzika isipokuwa mimi," alisema. "Kwa hiyo usife upesi. Mgongo unaniuma."

"Na wewe ukale kwanza," Sechelela alimjibu, akiokota machela tupu na kuanza kupanda kuelekea kijijini, kwenye mlio wa mawe. "Nitazikwaje na mtu asiye na makalio?"